Kuijua London kwa miguu majira ya machipuko: mwongozo kamili, mtaa kwa mtaa

Mgeni akitua London kutoka Dar, Mombasa au Bujumbura, sisi wenyeji wake huwa tunamfanyia kosa lilelile. Tunamshusha kwenye treni ya chini ya ardhi, tunamtoa juu penye Big Ben apige picha, tunamrudisha chini, tunamtoa tena juu penye Tower Bridge, tunamrudisha chini. Shangazi yangu alipokuja kunitembelea mwaka mmoja mwezi wa Aprili, jioni ya siku ya tatu aliketi kitandani akivua viatu, akaniuliza: "Mwanangu, huu mji ni mashimo tu? Watu wake wanaishi wapi?"

Swali lile lilinichoma. Nilikuwa na miaka minne London, na nilikuwa sijui kwamba kutoka Leicester Square hadi Covent Garden ni kama dakika nne tu kwa miguu. Nilikuwa napanda treni. Treni inakuonyesha mji vipandevipande, kila kituo kama kisiwa peke yake, na miguu ndiyo inayovishona visiwa hivyo vikawa mji mmoja. Kesho yake tulianza kutembea na shangazi, na tangu hapo kila mwaka, Machi hadi mwisho wa Mei, natenga siku moja ya wiki kwa ajili ya mtaa mmoja. Nakuandikia namna ninavyofanya, hatua kwa hatua, ili nawe usingoje miaka minne.

Kabla ya yote: yajue majira yenyewe

Majira ya machipuko huku ni Machi, Aprili na Mei, lakini miezi hii mitatu haifanani. Machi joto la mchana ni kama nyuzi 11 au 12, Aprili 14 au 15, na Mei linakaribia 18. Mtu wa pwani asiridhike na namba hizo. Nyuzi 12 za Machi zikichanganyika na upepo wa mtoni zinaingia mpaka kwenye mifupa.

Jambo la pili ni jua. Kwetu jua halibadiliki sana: linachomoza kama saa kumi na mbili na kutua kama saa kumi na mbili, na ndiyo maana tunahesabu saa zetu kwa kulifuata. Hapa linakimbia. Jumapili ya mwisho ya Machi saa zote zinasogezwa mbele kwa saa moja, na kuanzia siku hiyo jua linatua karibu saa moja na nusu usiku. Ikifika mwisho wa Mei linatua kama saa tatu usiku, na linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Maana yake kwa mtembeaji ni kubwa: Mei unaweza kutoka kazini, ukatembea saa tatu nzima, na bado ukarudi kungali na mwanga. Kumbuka pia kwamba saa zikisogezwa, tofauti na nyumbani Tanzania, Kenya na Uganda inashuka kutoka saa tatu hadi mbili. Mama asije akangoja simu.

Jambo la tatu ni maua, nayo yana ratiba yake. Machi ni ya daffodil, yale ya manjano yenye umbo la tarumbeta, yanayoota hata ukingoni mwa barabara kuu. Mwisho wa Machi hadi katikati ya Aprili ni ya micheri (miti ya cherry), yenye maua ya rangi ya waridi na meupe, na pepo mbili kali zinatosha kuyaangusha yote. Mwisho wa Aprili inaanza wisteria, mmea unaopanda kuta za nyumba na kuning'iniza maua ya zambarau kama vishada vya zabibu. Mitaa ya Kensington ndiyo kwake. Wakati huohuo sakafu za misitu ya pembeni mwa mji zinageuka buluu kwa maua ya bluebell. Ukikosa wiki yake, basi ni mpaka mwaka ujao. Mimi huandika kwenye kalenda tangu Februari.

Hatua ya kwanza: vaa kwa ajili ya saa sita za kuwa nje, usivae kwa ajili ya dirisha

Jua la Machi likionekana kutoka dirishani linadanganya. Mwaka wangu wa kwanza nilitoka na shati moja na furaha tele, nikafika juu ya kilima cha Primrose Hill, mvua ya mawe ikanikuta pale juu ambapo hakuna hata kibanda cha kujikinga. Niliugua wiki nzima. Tangu siku ile navaa nguo tatu nyepesi juu ya nyingine: fulana, sweta jembamba, na koti la mvua lenye kofia. Jua likitoka unavua moja, wingu likija unairudisha. Mwavuli wa bei rahisi acha nyumbani, upepo wa hapa unaupindua kabla hujavuka barabara.

Viatu viwe raba ulizokwisha kuzivaa wiki mbili au tatu. Hapa sina mjadala na mtu. Nimeona safari nzuri zikifa kwa sababu ya viatu vipya. Weka plasta mbili mfukoni, na mara tu unapohisi kisigino kinaungua, simama hapohapo uibandike. Ukisema "nitavumilia mpaka mbele", lengelenge halitakungoja.

Mkobani weka chupa ya maji, chaja ya kubebea simu, na kitu cha kutafuna. Kama una mzio wa chavua, weka na dawa yake. Hili nalisema kwa mkazo: mimi sikuwahi kuwa na mzio wowote Tanga, ulinianza hapa mwaka wa tatu. Mitaa mingi imepandwa miti mikubwa yenye gome la mabakamabaka, na mwisho wa Aprili na Mei inamwaga chavua na vinyweleo vinavyowasha koo na macho. Ukianza kukohoa bila homa, muulize mfamasia. Dawa za mzio zinauzwa bila cheti cha daktari na hazina bei kubwa.

Hatua ya pili: chagua mtaa mmoja, si mitano

Kilomita nne hadi saba zinatosha siku nzima. Najua zinaonekana chache. Lakini huku si kutembea kwa kuwahi kazini: utasimama, utaingia sokoni, utakaa bustanini, utarudi nyuma kuangalia mlango uliouona. Wanaojaribu mitaa mitano kwa siku wanaishia kuangalia ramani ya simu kutwa.

Panga mambo mawili tu: unaanzia wapi na unaishia wapi. Katikati acha wazi. Mwanzo uwe kituo cha treni, mwisho uwe barabara yenye mabasi, kwa sababu jioni miguu ikichoka hutaki kushuka ngazi tena.

Hatua ya tatu: nauli

Basi la London halina konda, na tangu 2014 halipokei pesa taslimu. Unagusa kadi yako ya benki au kadi ya nauli iitwayo Oyster kwenye mashine ukipanda, basi. Ukishuka hugusi. Kwenye treni ni kinyume: unagusa ukiingia na unagusa ukitoka, na ukisahau kugusa ukitoka unakatwa nauli ya juu kabisa. Kila mtu awe na kadi yake. Kadi moja haiwezi kulipia watu wawili kwa mpigo. Watoto wa chini ya miaka 11 hawalipi basi.

Siri nzuri kwa mtembeaji ni hii: ukishagusa kwenye basi la kwanza, mabasi mengine yote utakayopanda ndani ya saa moja ni bure. Kwa hiyo mtaa ukikuchosha, ruka vituo vitatu kwa basi, shuka, endelea kutembea. Panda ghorofa ya juu, kiti cha mbele kabisa. Hakuna mahali pazuri pa kupumzisha magoti kama pale.

Hatua ya nne: jifunze kuusoma mji bila simu

Kila kibao cha jina la mtaa kina herufi na namba pembeni: E1, N1, SE1, SW1. Herufi ni mwelekeo: E ni mashariki, N kaskazini, SE kusini mashariki. Namba 1 ndiyo iliyo karibu na katikati, lakini zinazofuata hazifuati umbali. Zilipowekwa mwaka 1917, wakati wa vita, zilipangwa kwa alfabeti ya majina ya maeneo: E2 ni Bethnal Green, E3 ni Bow, E4 ni Chingford. Ndiyo maana E4 iko mbali sana pembezoni. Simu yangu iliwahi kuzima magharibi inaingia, na vibao hivyo ndivyo vilivyonirudisha: niliona E2, kisha E1, nikajua naelekea katikati, nikaendelea mbele mpaka nikakutana na kituo.

Utaona pia nguzo bapa za rangi ya giza zenye kichwa cha manjano na picha ya mtu anayetembea. Hizo ni ramani za waenda kwa miguu. Duara lililochorwa juu yake linakuonyesha unakoweza kufika kwa dakika tano. Ila angalia: ramani hizi hazikuweka kaskazini juu. Kilicho juu ya ramani ni kile kilicho mbele ya macho yako. Ukishalijua hilo hutapotea, usipolijua utapotea huku umeshika ramani.

Na inua macho. Kwenye kuta za nyumba kuna vibao vya duara vya buluu vinavyosema nani aliishi hapo. Mpango huu ulianza 1866. Safari yako ya kwanza ya mazoezi iwe ya dakika kumi na tano tu: toka kituo cha Victoria, ingia Pimlico, tafuta namba 95 Cambridge Street. Utakuta kibao cha Jomo Kenyatta, aliyeishi humo kati ya 1933 na 1937, akisoma na kuwatetea Wakikuyu juu ya ardhi yao kabla hata Kenya haijafikiriwa kuwa jamhuri. Ni nyumba ndefu, nyembamba, ya kawaida, katika mtaa mtulivu. Watu wanaishi humo, kwa hiyo usigonge, simama ng'ambo ya barabara. Shangazi alisimama pale muda mrefu akatazama dirisha la juu, akasema, "Kumbe alikuwa akiona baridi hii hii."

Hatua ya tano: anza na Jumapili ya mashariki

Kama una siku moja tu, fanya hii. Ni kama kilomita tatu na kidogo, lakini itakuchukua saa nne.

Shuka kituo cha Whitechapel kama saa tatu asubuhi. Nje tu ya kituo ndipo vinapokaa vibanda vya soko la barabarani, ila Jumapili soko hilo limefungwa; rudi siku nyingine ulione. Bamia, fenesi, maembe mabichi, samaki wa mito ya Bangladesh. Siku hiyo ukimsalimia muuzaji kwa salamu ya Kiislamu atakuitikia vizuri hata kama lugha zenu hazikutani. Shika barabara kuelekea magharibi. Utaupita msikiti mkubwa wa East London upande wa kushoto, na kwa anayesali hapo pana nafasi ya wanaume na wanawake.

Mbele kidogo, kushoto, kuna bustani ndogo iitwayo Altab Ali Park. Usiipite. Altab Ali alikuwa kijana mfanyakazi wa kiwanda cha nguo aliyeuawa hapo karibu na wabaguzi tarehe 4 Mei 1978, na kifo chake kiliwatoa maelfu ya Wabengali barabarani. Ndani ya bustani kuna nguzo nyeupe, mfano mdogo wa mnara wa Dhaka wa kuwakumbuka waliouawa tarehe 21 Februari 1952 wakidai haki ya lugha yao. Siku hiyo ndiyo leo dunia inaadhimisha kuwa ya lugha za mama. Mimi ninayeandika Kiswahili kwenye mji wa watu siwezi kupita hapo bila kusimama.

Vuka barabara uingie Osborn Street, itakutia Brick Lane. Hapa majina ya mitaa yameandikwa kwa Kiingereza na Kibengali. Nenda mpaka pembe ya Fournier Street, ambapo kuna jengo la matofali lenye mnara wa chuma unaong'aa. Jengo hili lilijengwa 1743 kuwa kanisa la Wafaransa Waprotestanti waliokimbia mateso kwao. Baadaye likawa kanisa la Wamethodisti, mwishoni mwa karne ya 19 likawa sinagogi la Wayahudi waliokimbia Urusi, na tangu 1976 ni msikiti wa Wabengali. Kila waliokuja walisali humo humo. Sasa zunguka ubavuni, upande wa Fournier Street, tazama juu karibu na paa: kuna saa ya jua, na juu yake maneno mawili ya Kilatini, *Umbra sumus*, yaani "sisi ni kivuli". Ukifika siku ya jua utakiona kivuli chenyewe kikisogea.

Nyumba za Fournier Street zina madirisha mapana kule darini. Humo walikaa wafumaji wa hariri, na walihitaji mwanga wa kutosha kuona nyuzi.

Rudi Brick Lane, endelea kaskazini. Jumapili kuna vurugu ya nguo za mitumba na vyakula vya kila taifa, na mwishoni kuna maduka ya mikate ya duara ya Kiyahudi yenye foleni mpaka nje. Pita haraka kama hupendi msongamano. Vuka Bethnal Green Road uulize Arnold Circus: ni kilima kidogo cha duara chenye kibanda cha bendi juu yake, barabara saba zikikizunguka na majengo ya matofali mekundu. Kilima hicho ni kifusi. Mwisho wa karne ya 19 mtaa wa mabanda wa hapo ulibomolewa, kifusi kikarundikwa katikati, na makazi mapya yakafunguliwa 1900, miongoni mwa nyumba za kwanza kabisa kujengwa na serikali ya mji. Miti yake mikubwa ikitoa majani mapya katikati ya Aprili, kijani kile ni laini mno. Kaa kwenye benchi, kula ulichobeba.

Dakika kumi kaskazini mashariki unafika Columbia Road, soko la maua la Jumapili tu, saa mbili asubuhi hadi kama saa tisa alasiri. Wauzaji wanapiga kelele za bei kama wapiga debe wa Kariakoo. Shangazi ambaye siku tatu nzima hakusema na mtu, hapo alianza kupatana bei kwa vidole, na akaondoka na mche wa mnanaa. Ukitaka uchaguzi, fika mapema. Ukitaka bei, ngoja wanapokaribia kufunga. Mabasi ya kurudi yako Hackney Road.

Hatua ya sita: fuata maji

Safari ya pili, siku ya kazi ili kusiwe na msongamano: Mfereji wa Regent's Canal, uliokamilika 1820. Toka kituo cha Warwick Avenue, teremka Little Venice, fuata maji kuelekea mashariki hadi King's Cross, kama kilomita saba. Mwanzoni utatembea juu barabarani kwa sababu mfereji unaingia chini ya ardhi. Usihangaike, utaukuta tena mbele ya handaki.

Njia ya kando ya maji ni nyembamba, na baiskeli zinapita. Mwenda kwa miguu ana haki ya kwanza, lakini ukisikia kengele sogea. Aprili tazama majini utaona ndege mweusi mwenye paji jeupe amelala juu ya kiota cha vijiti, na katikati ya vijiti amefuma mfuko wa plastiki na mrija wa soda. Analalia mayai juu ya hivyo, boti zinapita hatua mbili tu kutoka kwake.

Ukifika usawa wa Regent's Park, kuba la dhahabu la msikiti wa London Central liko dakika chache kutoka mferejini, na adhuhuri inakukuta vizuri hapo. Halafu lipo daraja moja ninalotaka ulitafute, Macclesfield Bridge. Asubuhi ya tarehe 2 Oktoba 1874 boti iliyobeba baruti ililipuka chini yake. Lilijengwa upya kwa nguzo zilezile za chuma, lakini nguzo ziligeuzwa. Pitisha kidole ubavuni mwa nguzo: utakuta michirizi mirefu iliyochimbwa na kamba za farasi waliokuwa wakivuta boti, kama kamba ya ndoo inavyochimba mdomo wa kisima. Na kwa kuwa nguzo ziligeuzwa, michirizi iko pande zote mbili, ya kabla ya mlipuko na ya baada yake.

Kutoka hapo panda Primrose Hill uone mji mzima, shuka Camden, na umalizie King's Cross ambapo watoto wanacheza kwenye chemchemi zinazoruka kutoka sakafuni. Kama uko na watoto, beba nguo za kubadilisha.

Safari ya tatu ni ya Greenwich, na ninaipenda kuingiwa kwa nyuma: shuka Island Gardens, ng'ambo ya mto, kisha vuka chini ya Thames kwa handaki la waenda kwa miguu lililofunguliwa 1902 kwa ajili ya wafanyakazi wa bandari. Ni baridi, kuta zake ni vigae vyeupe, na sauti yako inakurudia. Ukitoka juu, panda bustani mpaka kwenye mstari wa sifuri ambao saa za dunia zimehesabiwa kutoka kwake. Micheri ya Greenwich Park iko upande wa Ranger's House; nenda mapema asubuhi.

Hatua ya saba: nenda mahali ambapo Kiswahili kimefika kabla yako

Hii haimo kwenye vitabu vya watalii. Shuka kituo cha Alperton, shika Ealing Road kuelekea Wembley, kama kilomita moja na nusu. Utapita hekalu la Kihindu la mawe yaliyochongwa kila inchi, halafu maduka ya sari, dhahabu, maembe, na mikahawa inayouza *mogo*. Ndiyo, ni mhogo wetu, wa kukaanga, wa pilipili na ndimu. Wahindi wengi wa hapa walitoka Kenya na Uganda; mwaka 1972 Idi Amin aliwapa siku 90 kuondoka, na zaidi ya 27,000 wakaja Uingereza. Maneno mogo, njugu na sufuria walikuja nayo mdomoni.

Mara ya kwanza nilikuwa nikiongea na simu mbele ya duka la vitambaa. Mzee mmoja akatoka ndani, akangoja nimalize, akaniuliza: "Kijana, wa wapi wewe?" "Wa Tanga, mzee." "Mimi Kisumu. Ingia, kaa." Nilikaa saa nzima. Kwa hiyo ukifika, zungumza Kiswahili kwa sauti ya kawaida, usinong'one.

Adabu na usalama

Usitembee ukiwa umeishika simu mkononi karibu na ukingo wa barabara. Wezi waliopanda pikipiki au baiskeli za umeme wanainyakua na kupotea kwa sekunde. Ukitaka kuangalia ramani, ingia mlangoni mwa duka au geukia ukuta. Sokoni omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu, na watoto wa watu usiwapige picha kabisa.

Watu wa hapa hawasalimiani barabarani, lakini machipuko huwalegeza. Mtu aliye kwenye bustani ya mbele ya nyumba yake, magoti udongoni, ukimuuliza jina la ua atakueleza mpaka utachoka. Hata mwenye mbwa hivyo hivyo.

Choo: makumbusho makubwa kama British Museum na Tate Modern hayana kiingilio, na maktaba nyingi za mitaa ni wazi kwa kila mtu. Tumia unapopata, usingoje haja ikubane.

Kuipanga miezi mitatu

Wiki mbili za kwanza za Machi tembea Pimlico na katikati ya mji, safari fupi, ukizoeza miguu. Micheri ikichanua, nenda Greenwich wiki hiyo hiyo, usiahirishe. Jumapili ya katikati ya Aprili ni ya Whitechapel hadi Columbia Road. Mwisho wa Aprili zunguka Kensington kwa ajili ya wisteria, na ukiwa huko pita Logan Place, alipoishi na kufia 1991 mwanamuziki mzaliwa wa Unguja, Freddie Mercury. Mfereji uweke Mei, majani yakishajaa. Ealing Road nenda Jumamosi yoyote, mchana, na njaa. Jumatatu ya kwanza na ya mwisho ya Mei ni sikukuu. Bustani zinajaa, mabasi yanapungua, kwa hiyo siku hizo toka saa moja asubuhi au kaa nyumbani umwagilie mche wako wa mnanaa. Wa shangazi bado uko dirishani kwangu, na Machi hii umetoa machipukizi matano.